King'ora, Ukoko na Adabu ya Mbwa

Kuanzia tarehe mosi mwezi wa tatu, mbwa wote wa Korti ya Mfudu hawatatambua ishara nyingine yoyote isipokuwa king'ora cha Chama cha Wakazi. Kikilia, wataamka popote walipolala, watakwenda langoni mbio, na watabweka mpaka waamriwe vinginevyo. Ndivyo lilivyotamka Tangazo Namba Saba, lililobandikwa nyuma ya kioo kwenye ubao wa lango, likiwa na mihuri miwili: mmoja wa Chama, na mwingine wa kuthibitisha kwamba ule wa kwanza ni halali. Mbwa wenyewe walikuwa watatu. Walipewa siku saba za kuwasilisha pingamizi, kama mkazi mwingine yeyote, na hawakuwasilisha.

Aliyetia sahihi ni mwenyekiti, Bwana Shiundu, mstaafu aliyekaa miaka thelathini na mmoja katika masjala ya wizara fulani na kutoka huko na imani kwamba jambo likishaandikwa limeshatendeka. Aliyetakiwa kulitenda ni Muoki.

Muoki Kyule alikuwa soja, yaani mlinzi wa lango, wa korti hiyo ya nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja, Buruburu fezi ya tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwao ni Mwala. Baba yake alichonga twiga wa kuuzia watalii maisha yake yote bila kumwona twiga hata mmoja. Muoki naye alijaribu kazi hiyo ujanani, lakini twiga wake walitoka wakifanana na mbwa, jambo ambalo jamaa zake walilikumbuka baadaye na kusema kwamba dalili zilikuwepo. Alikuja Nairobi, akafanya kazi katika kiwanda cha blanketi mpaka kiwanda kilipofunga, kisha akaombwa amshikie mtu lango wiki mbili, mwenye lango akienda kuzika. Mwenye lango hakurudi. Hakuna aliyemwambia Muoki kwamba wiki mbili zimekwisha.

Lango lilikuwa na chumba kimoja cha mawe, ambamo mliingia kitanda, jiko na Muoki, kwa utaratibu huo. Nje ya chumba waliishi mbwa. Taiga alikuwa mkubwa na mwoga. Kanali alikuwa mdogo na hakuogopa kitu, kwa kuwa hakuona vizuri. Wa tatu, mama yao, alikuwa mzee mwenye sikio moja aitwaye Madam, na wakazi walimwamkia kabla ya kumwamkia Muoki.

Tangazo lilikuwa na vifungu vitano. Vinne vya kwanza Muoki alivisoma kwa utulivu. Cha tano kilisema kwamba baada ya siku ishirini na moja kamati itafanya jaribio rasmi mbele ya mwakilishi wa kampuni ya ulinzi, kampuni yenye mbwa waliosomea kazi. Mbwa wa korti wakishindwa, basi "mbwa na msimamizi wao watapumzishwa."

Alikisoma mara tatu. Alijua mtu akipumzishwa maana yake nini: anafungasha blanketi anarudi Mwala. Alijua pia mbwa akipumzishwa maana yake nini, kwa sababu alishamwona daktari wa mifugo akimpumzisha mmoja kule Komarock, na yule hakufungasha chochote. Neno lilikuwa moja. Muoki alimfuata mwenyekiti kuuliza kama na maana ni moja.

"Muoki," alisema Bwana Shiundu, akiosha gari lake kwa kitambaa cha manjano, "kwa nini unasoma kifungu cha tano kabla ya kutekeleza cha kwanza?"

"Nimeuliza tu, mwenyekiti."

"Fundisha mbwa. Hutakuwa na haja ya kujua."

Namna ya kufundisha ilikuwa imeshaamuliwa katika kikao kilichochukua jioni nzima. Rasimu ya kwanza ilisema king'ora kilie kabla ya mbwa kupewa chakula. Mbeti, mweka hazina wa Chama, alisimama akapinga. "Kabla ya chakula? Hiyo ni kuombaomba. Mbwa wa Chama hawaombi." Mwenyekiti, ambaye ni mzee wa kanisa, alikumbusha kikao kwamba kabla ya chakula tunaomba baraka, na baada ya chakula tunashukuru, na kwamba yote mawili ni mema. Swali likawa je, king'ora ni baraka au ni shukrani? Walijadiliana muda wa saa nzima. Mwishowe ikapitishwa kwa kauli moja kwamba king'ora ni shukrani. Mtu mwenye adabu hushukuru akishashiba, na mbwa hawakuonekana kuwa na sababu ya kuwa tofauti. Kwa hiyo kitalia sekunde kumi, mara tu sahani zikiwa tupu, "ili mbwa wajue walichokula kimetoka kwa nani."

Kusema kweli kilikuwa kimetoka kwa Mama Triza.

Mama Triza, jina lake Khavere, alikuwa na kibanda cha chakula kilichoegemea ukuta wa korti kwa nje, hatua nne kutoka langoni. Alitoka Vihiga na mkono wa kusonga ugali ambao mafundi wa gereji jirani waliuheshimu kuliko serikali. Sufuria yake mtoto angeweza kuogea. Kila siku saa kumi alasiri, wateja wakishaondoka, aliikalisha mapajani akaikwarua kwa kijiko cha chuma kilicholika upande mmoja. Kwaru, kwaru, kwaru. Ukoko ukatoka vipande vipande, akauchanganya na mchuzi uliobaki na mifupa, akampitishia Muoki kwenye tundu la lango. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita. Mkwaruzo wa kwanza tu, Madam aliinua sikio alilonalo. Wa pili, Taiga na Kanali walikuwa wameshafika langoni na mate yanadondoka, wanabweka na kurukia mabati kama wanataka kuyang'oa. Wapita njia wapya walivuka barabara.

Muoki alifuata tangazo herufi kwa herufi. Ukoko ukaja, mbwa wakala, sahani zikabaki tupu, akabonyeza kitufe kilichofungwa chumbani mwake. Siku ya kwanza Kanali alilia pamoja na king'ora kama mtu aliyefiwa. Siku ya nne hawakulia tena. Siku ya nane kikilia walilamba midomo, wakanyoosha migongo, wakajiendea taratibu chini ya gari la mwenyekiti, kwenye kivuli, wakalala.

Bwana Shiundu aliwaona akiwa dirishani. "Wanaanza kuelewa," alisema.

Muoki naye aliamini hivyo mpaka siku ya kumi na mbili. Saa sita mchana mchuuzi wa mitumba kutoka Gikomba alisimama langoni na mzigo wa suruali kichwani, na mbwa wote watatu walikuwa wamesimama mbele yake upande wa ndani wanambwekea vizuri kabisa. Muoki akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwaongezea ari. Akabonyeza king'ora.

Mbwa wakanyamaza. Wakatazamana. Wakageuka, wakaenda chini ya gari la mwenyekiti, wakalala.

"Wacha!" alisema mchuuzi. "Buda, hiyo kitu inauzwa wapi?"

Muoki alikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Kisha akatoka, akaenda kusimama kibandani kwa Mama Triza, mahali ambapo alikuwa hajasimama saa hiyo tangu mwaka ule wa mafuriko.

"Umekujia chai ama umekujia maneno?" aliuliza Khavere.

"Mbwa wanalala."

"Si hata wewe hulala?"

"Wanalala king'ora kikilia, Mama Triza. Nimewafundisha siku kumi na mbili kulala."

Khavere aliweka mwiko chini. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Aliponyanyua uso akamwona Muoki hacheki, akakumbuka kifungu cha tano, kwa kuwa korti nzima na nje yake walikijua. Akamwekea chai bila kuulizwa. "Ongea na yule daktari msichana," alisema. "Yule wa sindano. Kesho anapita."

Yule wa sindano alikuwa Nimco, daktari wa mifugo kijana kutoka Eastleigh, aliyepita kortini kila mwaka kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa. Alimchanja Taiga, ambaye alilia kabla sindano haijamfikia. Alimchanja Kanali, ambaye hakuiona. Akimshika Madam, alimsikiliza Muoki mpaka mwisho.

"Mzee, king'ora kinalia lini? Kabla ya chakula ama baada?"

"Baada. Ni shukrani."

Nimco hakucheka, na kwa hilo Muoki alimheshimu tangu siku hiyo. "Mbwa hajui shukrani," alisema. "Mbwa anajua kinachofuata. Kila sauti anaiuliza swali moja tu: baada yako kinakuja nini? Baada ya king'ora chako hakuji kitu. Kwa hiyo ameshaelewa. King'ora ni habari kwamba chakula kimeisha, mtu akapumzike."

Neno hilo la kupumzika lilimchoma Muoki mahali fulani. "Sasa nifanye nini?"

"Kitangulie. Kilie kwanza, chakula kifuate hapo hapo."

Siku ya kumi na nne, kinyume cha tangazo na kwa moyo mzito, Muoki alifanya hivyo. Saa kumi ilipofika alimsikia Khavere akianza kukwarua, naye akabonyeza. King'ora kikalia juu, sufuria ikalia nje, chakula kikaja. Mbwa walikuja mbio, macho kwenye tundu la lango. Akafurahi. Alifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alibonyeza king'ora peke yake kupima. Wakaenda kulala.

Akampigia Nimco simu.

"Ulikipiga pamoja na sufuria?"

"Wakati mmoja kabisa, daktari."

"Mzee, sufuria wanaijua miaka sita. Imeshawaambia kila kitu. King'ora kikija kimeshikana mkono na sufuria, mbwa anasema, huyu mgeni ameletwa na nani? Ameletwa na Mama Triza? Basi mimi namwamkia Mama Triza. Mgeni hata jina hatamuuliza."

Hili Muoki alilielewa mara moja, kwa sababu ndivyo alivyoishi yeye mwenyewe miaka mingi, akisubiri zamu yake ya salamu nyuma ya Madam.

Basi siku ya kumi na saba alikitenga king'ora mbali na sufuria. Alikipiga saa tisa, na chakula kikaja saa kumi kama kawaida. Jioni akampigia tena daktari, na safari hii daktari alipumua kwanza kabla ya kujibu. Saa nzima, alisema, ni mbali mno. "Ukiniamkia leo nikakuitikia Jumapili, utajua nimekuitikia wewe? Hesabu tano, sita, halafu chakula. Na sufuria isisikike kabisa."

Hapo ndipo palikuwa na kazi, kwa maana sufuria haikuwa yake.

"Nisikwarue?" alisema Khavere. "Ugali niuache ushikane na sufuria mpaka Yesu arudi?"

"Siku tatu tu. Ikwarue mbali kidogo."

"Niende kukwarua Majengo kwa dada yangu? Nibebe sufuria kichwani kama mtu amefukuzwa kwa bwana?"

"Mama Triza, wameandika kupumzishwa."

Khavere aliwatazama wale mbwa kupitia tundu la lango. Madam alikuwa amelaza kidevu kwenye kiatu cha Muoki. Siku hiyo na mbili zilizofuata Khavere alilowesha sufuria kwa maji moto, akautoa ukoko kimya kimya kwa vidole, kazi ya kuchosha, akilaumu kwa Kimaragoli watu ambao hakuwataja majina. Muoki alibonyeza, akahesabu mpaka sita, akaweka sahani. Siku ya kwanza mbwa walilala chini ya gari na ikabidi awaite kwa majina waje wale. Siku ya pili Madam alisimama, akatazama huku na huku, akakaa tena. Siku ya tatu Madam alipiga hatua nne. Hatua nne kwa siku tatu haikuwa mbaya. Shida ni kwamba wale vijana wawili walikuwa bado wamelala, na siku zilikuwa zimekwisha.

Usiku huo Muoki alikunja blanketi lake, akalikunjua, akalala.

Jaribio lilifanyika Jumamosi, saa tano asubuhi. Kamati ilisimama chini ya mti wa jakaranda katikati ya korti, umbali wa nyumba sita kutoka langoni, viti vikiwa vimeletwa kwa ajili ya wenye magoti mabovu. Mwakilishi wa kampuni, Bwana Ardo, alikuja na suti ya bluu na picha za mbwa wake kwenye simu. Mmoja alikuwa amevaa nishani. Mbeti alishika daftari la kumbukumbu. Mbwa wa korti walikuwa wamejitawanya: Taiga kwenye ngazi za nyumba namba tisa, Kanali juani, Madam kando ya mapipa ya taka.

"Nitabonyeza mwenyewe," alisema Bwana Shiundu, akaingia chumbani kwa Muoki kwa mara ya kwanza maishani mwake, akabonyeza, akaegemeza kidole hapo hapo kama mtu anayesubiri lifti.

King'ora kikalia. Taiga aliamka kwenye ngazi. Kanali aliinuka. Madam akatoka kando ya mapipa. Kamati ikasogea mbele kwa matumaini. Mbwa watatu wakakutana katikati ya korti, wakapita mbele ya Bwana Ardo bila kumtazama, wakaingia chini ya gari la mwenyekiti, wakalala.

Muoki alikuwa amesimama kando ya lango, mikono nyuma. Alihesabu kimoyomoyo, maana ilikuwa imeshakuwa mazoea: moja, mbili, tatu. Alifikiria ni nani Mwala angemwazima mkokoteni. Nne, tano. Alifikiria Madam angekalia nini kwenye mkokoteni, kwa kuwa alikuwa ameamua wakati huo huo kwamba hatamwacha. Sita.

Kwaru.

Sauti ilitoka nje ya ukuta. Kwaru, kwaru, kwaru, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuisikia, kama mtu anayekwangua kutu kwenye meli.

Gari la mwenyekiti lilitikisika. Mbwa watatu walitoka chini yake kwa pamoja, Madam mbele, wakapita kati ya viti vya kamati, wakamzungusha Bwana Ardo mara moja na nusu, wakafika langoni na kurukia mabati, wanabweka kwa sauti iliyofanya hata watu wa nyumba za nyuma wafungue madirisha. King'ora kilikuwa bado kinalia. Pale kwenye jakaranda, nyumba sita mbali, na mle chumbani chini ya king'ora chenyewe, hakikusikika kitu kingine.

Bwana Shiundu alitoka chumbani akitazama saa ya mkononi. "Sekunde kumi na moja," alitangaza.

"Kumi na moja," aliandika Mbeti.

Bwana Ardo alikuwa amepanda juu ya kiti. "Lakini kwanza walilala," alisema kutoka huko. "Mbona walilala kwanza?"

Kamati ilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alifikiri kwa muda ambao mtu wa masjala huhitaji kutafuta faili.

"Hiyo," alisema, "ni adabu. Wametanguliza shukrani."

Bwana Ardo alisaidiwa kushuka. Alisema mbwa wake hawajafundishwa hilo, na kikao kikakubaliana naye.

Muoki alifungua tundu la lango. Khavere alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, sufuria mapajani, kijiko mkononi, anahema. Ilikuwa saa tano asubuhi. Maji ya ugali yalikuwa hata hayajabandikwa. Sufuria ilikuwa safi na tupu, ila kwa mistari mipya iliyong'aa ambayo isingetoka tena.

"Umeharibu sufuria," alisema Muoki.

"Nilikuwa naiosha," alisema Khavere. "Wape hawa." Akampitishia bakuli la ukoko wa jana, uliokuwa umeloweshwa mchuzi tayari na kufunikwa kwa sahani.

Kumbukumbu za kikao zinasema kwamba mafunzo yalifaulu, kwamba kampuni ilishukuriwa kwa kufika, na kwamba msimamizi wa mbwa ataendelea na kazi mpaka atakapoarifiwa vinginevyo. Muoki hajaarifiwa. Tangazo Namba Saba bado liko nyuma ya kioo, mihuri yote miwili ikisomeka, na hakuna tangazo jingine lililolifuta.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tano, Bwana Shiundu alishuka langoni asubuhi moja akiwa na wajukuu wawili walioletwa kukaa kwake. Wadogo walikuwa wamejificha nyuma ya koti lake, kwa kuwa Kanali alikuwa amesimama njiani mbele yao na hakuonekana kuwa na haraka. Basi la shule lilikuwa linapiga honi nje.

"Muoki," alisema mwenyekiti kwa sauti ya chini, akitazama upande wa ubao wa matangazo kisha upande mwingine. "Hakuna namna ya kuwatuliza hawa?"

"Ipo, mwenyekiti."

Kwa hiyo siku za shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, king'ora cha Chama hulia sekunde kumi. Mbwa watatu huenda chini ya gari la mwenyekiti wakalala, na watoto wa korti hupita.